Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Haki ya Makundi ya Umri katika Mbio Ndefu za Ridhaa

Maswali haya huletwa kwenye meza ya matokeo kila baada ya mbio, na mara nyingi huletwa na mtu ambaye jasho halijamkauka na namba ya kifuani ameshaibandua na kuishika mkononi, kwa hiyo majibu anayopewa pale huwa mafupi, na pengine makali kuliko alivyostahili. Hapa yamejibiwa kwa utulivu. Mengi yanahusu marathoni, kwa kuwa ndiko kanuni zilikochapishwa wazi zaidi, na machache yanagusa triathloni, mchezo wa kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia kwa mfululizo, ambako mabishano ya siku hizi ni makubwa.

Makundi ya umri yaliwekwa kwa ajili gani hasa?

Yaliwekwa ili matokeo ya mkimbiaji yalinganishwe na ya watu ambao umri umewapunguzia nguvu kwa kiasi kinachokaribiana na chake. Uwezo wa mwili kutumia oksijeni hushuka kadiri miaka inavyokwenda. Kwa mtu asiyefanya mazoezi hushuka kwa takriban asilimia 10 kila miaka kumi baada ya kufikia miaka 30, na kwa anayeendelea kujifua hushuka polepole zaidi, ila hushuka. Mapigo ya juu kabisa ya moyo hupungua, misuli nayo hupungua, na mwili huchukua siku nyingi zaidi kupumzika baada ya mazoezi magumu.

Kundi la umri linaondoa jambo hilo moja tu. Halikuahidi kwamba kila aliyemo ana nafasi sawa ya kushinda, na malalamiko mengi ninayoyasikia yanatokana na kulidai lilipe deni ambalo halikukopa. Mama wa watoto watatu anayeamka saa kumi alfajiri ili akimbie kilomita nane kabla ya kwenda kazini, na mstaafu mwenye siku nzima mikononi mwake, wanaweza kutofautiana mno hata kama wamezaliwa mwezi mmoja. Hilo ni kweli, na linauma, lakini jedwali la umri haliwezi kulitibu.

Kwa nini miaka mitano mitano, na si mitatu au kumi?

Kwa sababu ya idadi ya watu. Kundi likiwa jembamba sana litakosa washiriki, na mtu atapanda jukwaani akiwa wa kwanza kati ya mmoja. Likiwa pana sana, walio upande wa juu wa umri watakuwa wanawasindikiza wa upande wa chini. Shirikisho la dunia la wanariadha wakongwe, World Masters Athletics, huanzia miaka 35 na kupanda kwa mitano mitano hadi kupita 100, na mbio nyingi za barabarani zimefuata mtindo huo.

Tatizo halisi katika mbio zetu nyingi za Afrika Mashariki si upana wa miaka mitano, bali ni lile kundi moja linaloitwa "maveterani", linaloanzia miaka 40 au 45 na kuachwa wazi kwa juu. Mtu wa miaka 68 akiambiwa ashindane na wa 41, kisha akapongezwa kwa kushiriki, hapo hajatendewa haki hata kidogo. Mwandaaji akisema hana bajeti ya medali za makundi kumi, ajibiwe kwamba orodha ya matokeo iliyogawanywa vizuri haigharimu chochote, na wengi wangeridhika nayo.

Kuna msomaji aliyewahi kuniuliza kwa nini tusitumie rika kama lile la Wamaasai, ambamo walioingia ujanani pamoja hubaki pamoja maisha yao yote. Wazo zuri la undugu. Kwa mbio lingekuwa janga, maana rika moja hukusanya watu waliopishana miaka mingi.

Nina miaka 49. Je, sionewi ninapowekwa na wa miaka 45?

Unaonewa kidogo, na mwakani utakuwa wewe ndiye mdogo katika kundi la 50 hadi 54. Kila mtu hupitia ngazi hiyo kwa zamu, na wakimbiaji wenye mahesabu huipangia: hujipumzisha mwaka wa mwisho wa kundi, kisha hurudi na nguvu mpya mwaka wa kwanza wa kundi linalofuata. Hakuna kanuni inayokataza.

Lililo gumu zaidi ni kwamba miaka mitano hailingani uzito kila mahali. Kati ya 40 na 44 mkimbiaji anayejitunza anaweza kupoteza dakika chache za marathoni, au asipoteze kabisa. Kati ya 75 na 79 anaweza kupoteza nyingi, kwa sababu kasi ya kushuka huongezeka uzeeni. Kwa mantiki hiyo makundi ya wazee ndiyo yangepaswa kuwa membamba, lakini ndiyo yenye watu wachache kuliko yote. Sijaona mwandaaji aliyefungua fundo hili kwa kugawa makundi pekee.

Umri wangu unahesabiwa siku gani?

Inategemea mchezo. Boston Marathon ya Marekani, ambako wengi huingia kwa kukimbia kwanza muda wa kufuzu katika marathoni nyingine, huangalia umri utakaokuwa nao siku ya mbio. Katika triathloni, pamoja na zile ndefu za Ironman, huangaliwa umri utakaokuwa nao tarehe 31 Desemba ya mwaka wa mashindano. Kwa kanuni hiyo ya pili, aliyezaliwa tarehe 30 Desemba 1986 akishindana Machi 2026 anaandikwa kundi la 40 hadi 44 ingawa ana miaka 39, na hakuna kosa lolote lililofanyika.

Nani anafaidika? Kwa watu wazima ni waliozaliwa mwishoni mwa mwaka, kwa sababu huingia kila kundi wakiwa wadogo kwa miezi kadhaa kuliko waliozaliwa Januari. Kwa watoto mambo hugeuka: katika michezo ya shule ni waliozaliwa mwanzoni mwa mwaka wanaotamba, kwa kuwa wamekomaa zaidi. Tofauti hiyo kwa watu wazima ni ndogo, na mimi siioni kuwa ya kupigiwa kelele.

Kanuni ya Boston nayo ina mwanya wake. Kwa mbio za tarehe 20 Aprili 2026, muda wa kufuzu uliweza kukimbiwa kuanzia tarehe 1 Septemba 2024. Mtu aliyezaliwa tarehe 10 Aprili 1981 alikuwa na miaka 43 dirisha lilipofunguliwa, lakini kwa sababu siku ya mbio angekuwa ametimiza 45, alipimwa kwa kiwango cha kundi la 45 hadi 49, ambacho ni rahisi kwa dakika 10 kuliko cha kundi alilokuwamo alipokuwa akikimbia. Ni mwanya halali, unajulikana, na kila mtu atapata zamu yake ya kuupitia.

Je, viwango vya kufuzu vya Boston ni vya haki kati ya rika na rika?

Swali hili linastahili jibu refu, kwa sababu Boston ndio mfano ambao waandaaji wengi huuiga bila kuuchunguza. Viwango vya kufuzu vilianza mwaka 1970, na leo vimegawanywa kwa umri na jinsia. Kwa mbio za mwaka 2026, mwanamume wa miaka 18 hadi 34 alitakiwa kukimbia marathoni kwa saa 2 na dakika 55. Wa 35 hadi 39 alitakiwa saa 3 kamili. Wa 40 hadi 44, saa 3 na dakika 5. Wa 45 hadi 49, saa 3 na dakika 15. Wa 50 hadi 54, saa 3 na dakika 20. Wa 55 hadi 59, saa 3 na dakika 30. Na wa 60 hadi 64, saa 3 na dakika 50.

Tazama hatua zenyewe. Kutoka kundi hadi kundi nyongeza ni dakika 5, kisha 5, kisha 10, kisha 5 tena, kisha 10, halafu ghafla 20. Mwili wa binadamu haushuki hivyo. Hauteremki ngazi zenye vidato vya urefu tofauti. Hatua ile ya dakika 20 ilizaliwa pale viwango vya walio chini ya miaka 60 vilipokazwa kwa dakika 5 kwa ajili ya mbio za 2026, huku vya wenye miaka 60 na kuendelea vikiachwa vilivyokuwa. Matokeo yake mwanamume wa miaka 59 anadaiwa saa 3 na dakika 30, na akitimiza 60 anasamehewa dakika 20 kwa mpigo.

Sidhani kwamba hapo pana nia mbaya. Waandaaji walikuwa na waombaji wengi kuliko nafasi, na walipunguza kule ambako waombaji walikuwa wengi. Lakini tuseme wazi kwamba kiwango cha kufuzu ni chombo cha kugawa nafasi, na anayekichukua kama kipimo cha nani ni mkimbiaji bora kuliko nani atajidanganya.

Kuna jambo la pili ambalo wachache huliona. Kufikia kiwango hakutoshi. Nafasi zikijaa, huchukuliwa wale waliokipita zaidi. Kwa mbio za 2025 ilibidi mtu awe amepita kiwango chake kwa dakika 6 na sekunde 51, na kwa mbio za 2026 kwa dakika 4 na sekunde 34. Kipunguzo hicho ni kilekile kwa kila umri. Kwa kijana anayedaiwa saa 2 na dakika 55, dakika 4 na sekunde 34 ni kama asilimia 2.6 ya muda wake wote; kwa mzee wa miaka 80, ambaye kiwango chake ni saa 4 na dakika 50, ni kama asilimia 1.6. Kijana anakatwa zaidi kwa uwiano. Kama kipunguzo kingewekwa kwa asilimia badala ya dakika, lalamiko hilo lingeisha siku hiyohiyo, na sioni kwa nini isifanyike.

Na wanawake, kwa nini wanapewa dakika 30 za ziada katika kila kundi?

Hapa pia kasoro ni kutumia dakika mahali pa asilimia. Dakika 30 juu ya saa 2 na dakika 55 ni nyongeza ya asilimia 17. Juu ya saa 4 na dakika 50 ni asilimia 10 tu. Maana yake ni kwamba mwanamke kijana ametendewa kwa ukarimu na bibi wa miaka 80 ametendewa kwa ukali, wakati pengo la kasi kati ya wanaume na wanawake katika matokeo halisi halipungui uzeeni.

Kwa kulinganisha, mwaka 2023 Kelvin Kiptum, mwanamume wa Kenya, alikimbia marathoni ya Chicago kwa saa 2 na sekunde 35, na mwaka huohuo Tigst Assefa, mwanamke wa Ethiopia, alikimbia ya Berlin kwa saa 2, dakika 11 na sekunde 53. Pengo ni kama asilimia 9. Hata hivyo sipendekezi pengo la vinara ligeuzwe kanuni ya watu wa ridhaa. Wanawake hawakuruhusiwa rasmi kuingia Boston hadi mwaka 1972, na vizazi vya akina bibi walioko leo barabarani vilianza kukimbia vikiwa vimechelewa, kwa sababu zisizohusiana na mapafu.

Asilimia ya umri ni nini, na je, si ndiyo suluhisho?

Ni njia ya kumpima kila mkimbiaji dhidi ya kiwango cha juu kabisa kinachokadiriwa kwa umri na jinsia yake katika umbali huo. Tuseme kwamba jedwali linasema kiwango cha juu cha marathoni kwa umri wako ni saa 2 na dakika 30, nawe umekimbia saa 3 kamili. Dakika 150 gawanya kwa 180, unapata asilimia 83.3. Kwa desturi ya watumiaji wa majedwali haya, asilimia 60 huhesabiwa kuwa kiwango cha mtaani kwenu, 70 cha mkoa, 80 cha taifa na 90 cha dunia. Majedwali ya kwanza yalitolewa mwaka 1989 na chama kilichoitangulia World Masters Athletics, na yamerekebishwa mara kadhaa tangu hapo. Wanaokimbia kilomita 5 za parkrun kule Uingereza huiona asilimia hiyo kila Jumamosi kando ya muda wao.

Uzuri wake ni mkubwa. Huondoa kuta za makundi, kwa hiyo wa 49 hana tena cha kumwonea wivu wa 45. Kila mwaka una kiwango chake. Huwezesha pia baba wa miaka 58 na binti yake wa 27 kubishana nani amekimbia vizuri zaidi, na kwa uzoefu wangu binti hushindwa mara nyingi kuliko anavyotarajia.

Udhaifu wake uko kwenye pembe za jedwali. Kiwango cha wanaume wa miaka 40 kimejengwa juu ya wakimbiaji wengi hodari, na kinazidi kupaa: mwaka 2024 Kenenisa Bekele, akiwa na miaka 41, alikuwa wa pili London kwa saa 2, dakika 4 na sekunde 15. Kiwango cha wanawake wa miaka 85 kimejengwa juu ya watu wachache mno, na mmoja tu wa ajabu akitokea hukibadilisha. Kwa hiyo asilimia 75 ya huku na asilimia 75 ya kule haziwi na uhakika uleule. Majedwali ya barabarani pia hayajui kama njia yenu ilikuwa na mlima. Yeyote aliyemaliza mbio za Kilimanjaro pale Moshi, akakumbuka miteremko na mipando ya njiani, ataelewa kwa nini asilimia yake ilikuwa ndogo kuliko ya mwenzake aliyekimbia mji tambarare.

Maoni yangu ni kwamba asilimia itumike kama orodha ya pili, iliyochapishwa kando ya makundi, na itolewe zawadi moja juu yake. Isiyafute makundi. Watu wanapenda kujua walimshinda nani, kwa jina.

Je, Ironman haikuthibitisha kwamba asilimia inaweza kugawa nafasi?

Imejaribu, na jaribio lenyewe ni somo zuri. Mashindano ya dunia ya Ironman ya Kona, Hawaii, yana kilomita 3.8 za kuogelea, 180 za baiskeli na marathoni nzima ya kumalizia, na nafasi zake hugombewa katika mbio nyingine duniani kote. Kwa miaka mingi nafasi ziligawanywa kwa idadi: kundi lenye washiriki wengi lilipata nafasi nyingi, na kila kundi lilipata angalau moja. Lawama ilikuwa kwamba mwanamume wa miaka 42 aliyekuwa wa tisa angeweza kufuzu kwa sababu tu kundi lake lilijaa, huku mwanamke wa 57 aliyekuwa wa pili, na aliyefanya vizuri zaidi kwa umri wake, akirudi nyumbani.

Kwa kufuzu kwa mwaka 2026 mfumo ulibadilishwa. Mshindi wa kila kundi hupewa nafasi kwanza, kisha zilizobaki hugombewa kwa muda uliorekebishwa kwa umri, kwa kutumia viwango vilivyotokana na muda wa asilimia 20 ya mbele ya waliomaliza Kona katika miaka mitano. Ni hatua nzuri kinadharia. Lakini ona kilichotokea: kipimo sasa kinategemea nani alifika Kona zamani, na waliofika Kona zamani walichujwa kwa mfumo uleule uliolaumiwa. Katika makundi yaliyopewa nafasi moja moja, waliofika walikuwa wachache na hodari mno, hivyo kiwango chao kinaweza kuwa kikali kupita kiasi. Anayepanga kuiga mfumo huu katika mbio zake ajiulize kwanza ana matokeo ya watu wangapi katika kila kundi.

Mkongwe aliyewahi kuwa mkimbiaji wa kulipwa aruhusiwe katika kundi la umri?

Kwetu hili ndilo swali linalowasha moto kuliko yote, hasa Kenya, ambako jirani yako wa miaka 46 anayefuga ng'ombe wa maziwa anaweza kuwa mtu aliyewahi kupanda jukwaa la Ulaya. Umri wenyewe haumtoi mtu kwenye ushindani wa juu. Edna Kiplagat alikuwa wa tatu kwa wanawake wote Boston mwaka 2024 akiwa na miaka 44. Eliud Kipchoge alikuwa wa sita London mwaka 2025, kwa saa 2, dakika 5 na sekunde 25, akiwa na 40. Kumweka mtu wa namna hiyo katika orodha moja na mwalimu wa hesabu anayekimbia mara tatu kwa wiki ni kuandika neno "ridhaa" mahali ambapo halipo.

Hata hivyo kumfungia mkongwe kwa sababu ya alichofanya miaka kumi na tano iliyopita pia si haki, kwani leo anaweza kuwa na goti bovu na kilo 12 zaidi. Njia ninayoiona kuwa safi ni kutenganisha kwa mlango wa kuingilia. Aliyepewa namba ya mwaliko, aliyelipiwa safari au aliyejiandikisha kugombea zawadi ya jumla ahesabiwe katika orodha ya wazi pekee. Aliyelipa ada kama wengine na kuanza nao ahesabiwe katika kundi lake, awe alikuwa nani zamani.

Na fedha ziondolewe. Nasema hivi nikijua nitachukiwa. Pale zawadi ya kundi la umri inapokuwa medali, kikombe au jozi ya viatu, wa zamani huja kwa furaha na hakuna anayegombana. Pale inapokuwa laki kadhaa taslimu, basi dogo kutoka Iten, mji wa wakimbiaji wa Kenya ulioko mwinuko wa takriban mita 2,400, hujaa wakongwe waliokuja kazini, na siwezi kuwalaumu. Fedha hizo ziwekwe kwenye orodha ya jumla, ambako ushindani ni wa kazi kweli.

Aliyeshinda mbio zote apewe pia zawadi ya kundi lake?

Hapana, isipokuwa kanuni ziwe zimesema hivyo kabla ya usajili. Zawadi moja kwa mtu mmoja, na anayefuata kundini apandishwe.

Kundi langu lipangwe kwa muda wa bastola au wa chipu?

Kwa wanaogombea ushindi wa jumla ni bastola, yaani muda unaoanza kuhesabiwa kwa wote mlio wa kuanzia unapolia, kwa sababu wao wanashindana uso kwa uso na anayevuka utepe kwanza ndiye mshindi. Kwa makundi ya umri napendelea muda wa chipu, unaoanza unapokanyaga mkeka wa mstari wa kuanzia. Mwanamke wa miaka 63 aliyesimama nyuma kwa adabu na akachukua dakika nne kuufikia mkeka hapaswi kulipia adabu yake. Kasoro ni kwamba unaweza kumpita mpinzani wako kwenye mita ya mwisho, ukashangilia, kisha ukaambiwa amekushinda kwa sekunde mbili. Ndiyo bei yake.

Mnajuaje kwamba mtu hajadanganya umri?

Kwa kitambulisho cha taifa au pasipoti, vinavyoangaliwa wakati wa kuchukua namba, na tena kabla ya kutoa zawadi. Katika michezo ya vijana watu hupunguza umri. Katika ya wakongwe hujaribu kuuongeza, jambo ambalo hunichekesha kila mara.

Ila si kila tarehe yenye shaka ni ya uongo. Watu wengi waliozaliwa kabla usajili wa vizazi haujafika vijijini waliandikiwa tarehe 1 Januari au 1 Julai na karani aliyekuwa na haraka. Niliwahi kukaa meza ya matokeo ya nusu marathoni moja akaja mzee mwembamba, shati la kijani limemganda mgongoni, kitambulisho chake kimefungwa ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na noti mbili na kipande cha tangawizi. Kiliandika tarehe 1 Januari, na mwaka uliomweka miaka miwili chini ya kundi aliloliomba. "Mwanangu," aliniambia, "mama alinizaa mwaka wa mafuriko, si mwaka huo walioandika." Nilimwamini, na bado nilimweka kwenye kundi la kitambulisho. Nilimwamkia tena alipoondoka, hakuitikia. Kanuni isiyokuwa na karatasi ingefungua mlango kwa kila mwenye hadithi nzuri, lakini sijifanyi kwamba haki ilitendeka siku ile.

Dawa zilizopigwa marufuku zinahusu watu wa ridhaa pia?

Zinahusu, na wapo wakimbiaji na waendesha baiskeli wa makundi ya umri waliofungiwa. Suala linalowachanganya wengi ni homoni ya testosteroni inayoandikwa na daktari kwa wanaume wa makamo. Kibali cha matibabu hutolewa kwa ugonjwa uliothibitishwa wa tezi au korodani. Kupungua kwa homoni kwa sababu ya umri peke yake hakukubaliwi. Kundi la umri limekwishakulipa fidia ya uzee wako. Ukijichoma na homoni unadai ulipwe mara mbili.

Je, wazee waongezewe muda wa mwisho wa kufunga njia?

Comrades Marathon ya Afrika Kusini, yenye takriban kilomita 90, haiongezi: saa 12 kwa kila mtu, awe na miaka 25 au 75. Nakubaliana nao, kwa sababu barabara hufungwa na polisi kwa saa maalumu na hilo halina uhusiano na umri. Kwa mbio za mjini suluhisho rahisi ni kuwaanzisha wenye miaka 65 na zaidi mapema kwa nusu saa, kwa mkeka uleule wa chipu.

Nilikuwa peke yangu katika kundi. Ushindi wangu una maana?

Jitazame kwenye asilimia ya umri, maana hapo hushindani na aliyekuja bali na jedwali. Ed Whitlock wa Kanada alikimbia marathoni ya Toronto mwaka 2004 kwa saa 2, dakika 54 na sekunde 48 akiwa na miaka 73, na mwaka 2016, akiwa na 85, alimaliza hapohapo kwa saa 3 na dakika 56. Kwa mtu kama huyo idadi ya wapinzani kundini haisemi chochote.

Nikiona nimewekwa kundi lisilo langu, nifanye nini?

Njoo mezani mapema. Kanuni za riadha za dunia huruhusu pingamizi juu ya matokeo ndani ya dakika 30 tangu yatangazwe rasmi, na mbio nyingi za barabarani hufuata hivyo au huandika muda wao kwenye fomu ya usajili. Njoo na kitambulisho, namba ya kifuani na jina la kundi ulilojiandikisha, na uombe uoneshwe ulivyoandikwa kwenye orodha ya usajili, kwa kuwa kosa huwa hapo mara nyingi zaidi kuliko kwenye chipu: mwaka 1978 ulioandikwa 1987 na kijana aliyekuwa akiingiza majina usiku wa kuamkia mbio. Hilo hurekebishwa palepale. Likigundulika baada ya medali kutolewa, mwandaaji hurekebisha orodha na kukutumia medali nyingine. Aliyepewa ya kwanza kwa kawaida huachiwa.